Pafu la Kushoto la Kidosho

Zizini, Jumatatu 3 Juni

Mwanangu Jicho,

Salamu zako nimezikuta ndani ya boksi la barafu, zimepoa kama chupa ulizozirudisha. Huku wazima wote isipokuwa mmoja, na kwa ajili ya huyo mmoja nimekuja kugombana nawe. Nimeandika, sikupiga simu. Kwenye simu una sauti ya marehemu bibi yako, na mimi sauti ile ikiniita sina ubishi tena.

Nimesoma karatasi yako ya Kidosho. "Hakuna dalili ya ugonjwa wa njia ya hewa." Sahihi yako, muhuri wa maabara, kila kitu kimenyooka. Mwanangu, farasi huyu anakohoa! Akitolewa bandani anakohoa, akila majani makavu anakohoa, akizunguka uwanja mara mbili tu matundu ya pua yanampanuka hadi nikaona nyama nyekundu ndani. Mimi natibu farasi tangu wewe unavaa viatu kulia kushoto. Najua farasi anayetega kazi, na najua farasi anayetafuta hewa.

Tajiri yangu, mwenye shule hii ya kupanda farasi, aliisoma karatasi kabla yangu. Alifurahi mno. Anasema kama mapafu ni mazima, basi kinachoumwa ni moyo wa kazi. Julai mosi wanafunzi wa likizo wanaanza, na Kidosho amepangiwa zamu ya asubuhi na ya jioni, kwenye vumbi lile lile linalommaliza. Nikikataa, atauzwa machimboni akavute mawe. Vyovyote vile kifua chake kitakwisha kabla ya mwaka kwisha.

Sasa niambie ulihesabu nini, kwa sababu kuna mahali umekosea.

Shangazi yako

*

Maabara, Alhamisi 6 Juni

Shikamoo Shangazi,

Matusi yamefika salama, hakuna hata moja lililovunjika njiani.

Nilihesabu seli. Wewe unapitisha mpira puani hadi pafuni, unamwaga maji ya chumvi, unayavuta tena na kuniletea. Mimi nayazungusha kwenye mashine, natandaza kilichobaki juu ya kioo, natia rangi, kisha nakaa kwenye hadubini na kuhesabu kila aina imetokea mara ngapi katika mia. Makrofaji ni wafagiaji, kila farasi anazo. Nyutrofili zikizidi, mna moto humo ndani. Masti zikizidi, vumbi limemkera na kifua kimejikunja. Kikomo cha maabara yetu kwa masti ni tano katika mia. Kidosho ana moja. Nyutrofili zake pia ni za kawaida.

Na nikuambie jambo jingine, kwa kuwa umenianza. Hapa ofisini wanataka tuhesabu seli mia tu, haraka, kioo kifuatacho. Mimi nilimhesabia Kidosho wako seli mia nne, mkuu wa maabara akipita nyuma yangu anaguna. Nilifanya hivyo kwa sababu ni wako. Kwa hiyo usiniambie nimekosea mahali. Taja mahali penyewe.

Kikohozi mimi sikisikii. Mimi naona. Ukitaka jibu la kukufurahisha, kaka yako ana watoto wengine.

Mwanao,
Jicho

*

Zizini, Jumamosi 8 Juni

Jicho,

Marahaba. Umenijibu kama baba yako: kiburi kwanza, hesabu baadaye. Nimecheka, kisha nikakasirika upya.

Mahali penyewe nakutajia. Mlitia rangi gani? Msiniambie ile ya haraka, ya kuchovya, kuchovya, kuchovya, mkaanike. Ile nimeitumia mimi kabla hujazaliwa. Masti zina punje ndani yake, na kwa punje hizo ndiyo unazitambua. Rangi ile punje mara nyingi haziishiki, na masti iliyokosa punje utaipita ukidhani ni mfagiaji. Tia rangi ya bluu. Kama mkuu wako anaibania, mwambie shangazi yako atainunua, na akiuliza shangazi ni nani, mwonyeshe barua hii.

Shangazi

*

Maabara, Jumatano 12 Juni

Shangazi,

Ilikuwa rangi ya haraka. Ndiyo tunayoitumia kwa wote.

Kulikuwa na kioo cha pili cha Kidosho sijakitia rangi. Nimekitia bluu. Punje zimejitokeza za zambarau, wazi kabisa, na baadhi ya zile nilizoziita makrofaji sina hakika tena zilikuwa nani. Nimehesabu seli mia tano. Masti ni tatu katika mia. Si moja, ni tatu. Basi hapo umenishinda, na naomba usiisome sentensi hii mbele ya watu.

Ila bado sijafika tano. Nikampelekea mwenzangu wa meza ya pili kioo kilekile, sikumwambia ni cha nani wala mimi nimepata nini. Akahesabu. Akapata sita.

Nikamwambia arudie, naye akaniambia nirudie mimi. Tukaketi bega kwa bega. Kumbe mimi nilikuwa katikati ya kioo, yeye alianzia pembezoni, na seli hazikutandaa sawa: kuna mahali zimerundikana kwenye ute, kuna mahali peupe. Zipo na seli ambazo mimi naapa ni masti na yeye anaapa siyo. Shangazi, kioo kimoja, farasi mmoja, kwangu ni mzima na kwake ni mgonjwa. Hii kazi nimeifanya miaka yote hii kama mtu anayehesabu mayai kwenye trei.

Mkuu amekataa nitoe karatasi mpya. Anasema tukianza kusahihisha, wateja watauliza na za jana. Nimeitoa hivyo hivyo, kwa mkono wangu, iko chini ya barafu. Imeandikwa: masti, kati ya tatu na sita.

Jicho

*

Zizini, Ijumaa 14 Juni

Mwanangu,

Hapo sasa. Nilijua. Nimefurahi hadi nimemwambia Kidosho mwenyewe.

Lakini "kati ya tatu na sita" tajiri ataipeleka wapi? Nimemwonyesha. Akauliza, "Daktari, hii ni bei ya sokoni au ni kipimo?" Akaiweka chini ya kikombe chake cha chai. Mtu huyu anaelewa namba moja tu kwa wakati mmoja, tena iwe imenona.

Basi niandikie sita. Sikuombi uongo. Sita imeonekana, imeonwa na macho ya mtu mwenye cheti kama chako. Chukua ya mwenzako, iache yako, gonga muhuri, na farasi amepona na uwanja. Wiki mbili zimebaki. Farasi wa kupandwa amefungwa mdomo kwa hatamu, hawezi kujisemea. Tusemee sisi.

Shangazi yako anakuomba, na unajua kuomba si tabia yangu.

*

Maabara, Jumatatu 17 Juni

Shangazi,

Hapana.

Hata ungekuwa umenizaa, hapana. Mkuu wa maabara aliniambia niache moja kwa sababu moja inampendeza. Wewe unaniambia niweke sita kwa sababu sita inakupendeza. Mnatofautiana nini? Yeye ananiomba kwa cheo, wewe kwa damu, na wote wawili mnataka nifumbe jicho moja. Mwenzangu angepata mbili, ungenishauri nichukue ya mwenzangu?

Nakupenda, na Kidosho nampenda japo sijawahi kumgusa. Lakini nikiandika leo namba ya kumwokoa farasi, kesho mtu mwingine ataniletea sababu yake, nayo itakuwa nzuri vilevile, na nitakosa pa kusimamia. Nimeona tatu. Mwenzangu kaona sita. Hilo ndilo lililoonekana, na tajiri wako alinywe na chai yake.

Usiniombe tena.

Jicho

*

Zizini, Alhamisi 20 Juni

Kwa msomaji wa seli, Maabara,

Pokea chupa mbili. Moja ina kizibo chekundu, nyingine cheusi. Sikuandikii zimetoka wapi, usije ukasema nimekuelekeza. Tia rangi unayoitaka, hesabu unazozitaka, mpe na mwenzako, hesabuni mkianzia pembezoni au katikati. Nijibu kwa kila chupa: kuna ugonjwa au hakuna.

Daktari wa zizi

*

Maabara, Jumapili 23 Juni

Kwa daktari wa zizi,

Chupa zote zimefika katika hali nzuri, maji yana povu la kutosha juu yake, maana yake yametoka pafuni kwelikweli. Rangi ya bluu. Seli mia tano kwa kila kioo, wasomaji wawili, tumepita kioo kizima kwa mistari kama mtu anayelima. Safari hii hatukupishana.

Kizibo chekundu: masti nane katika mia, na nyutrofili zimezidi. Farasi huyu ni mgonjwa. Asipandwe na mtu, asilale kwenye majani makavu.

Kizibo cheusi: masti moja katika mia. Farasi huyu ni mzima kabisa. Mpandeni mpaka mchoke.

Karatasi mbili ziko humu, sahihi na muhuri. Hii ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kukutumia, na kama unanuna, nuna ukijua hivyo.

Kama chekundu ni Kidosho, basi Shangazi, umeshinda kwa haki. Kama ni cheusi, naomba unisamehe, ila sibadilishi.

Jicho

*

Zizini, Jumatano 26 Juni

Jicho wangu,

Kaa kwanza.

Chekundu ni Kidosho. Na cheusi ni Kidosho.

Asubuhi moja, farasi mmoja, dawa ya usingizi ileile, hata hakubadili mguu aliouegemea. Mpira wangu wa zamani ninausukuma kwa kupapasa, unakwama unapokwama, na tangu nianze kazi sijawahi kujua umeingia pafu gani. Safari hii nilimpigia mwenzangu wa chuoni, nikaazima ule wenye kamera kwenye ncha. Nikaona njia inapogawanyika. Nikaenda kulia, nikaosha, nikaweka chekundu. Nikarudi, nikaenda kushoto, nikaosha, nikaweka cheusi. Sikukudanganya hata neno moja, ila sikukuambia, na hilo nilikusudia. Nilikasirika. Nilitaka kuona jicho lisilopinda litafanya nini.

Lilifanya vizuri mno, mwanangu. Ulihesabu sawa pande zote mbili. Aliyekuletea nusu ya farasi mara ya kwanza akidhani ni farasi mzima ni mimi.

Nilimpelekea tajiri zote mbili, nikamweleza taratibu, kulia na kushoto. Unajua alichofanya? Aliinua ile ya cheusi akasema, "Hii ndiyo nitakayoifuata." Nikamwambia sawa, mpande pafu la kushoto, lile la kulia uniachie mimi. Hakucheka. Alichukua kalamu, akajumlisha nane na moja, akagawa kwa mbili. "Nne na nusu," akasema. "Kikomo si tano? Mzima huyo." Jumatatu Kidosho anatandikwa.

Nimewahi kuona watu wa kila aina ya upumbavu lakini huu una kikokotoo. Wewe ungemjibuje?

Shangazi

*

Maabara, Ijumaa 28 Juni

Shikamoo Shangazi,

Nimekaa, nikasimama, nikatembea uani, nikarudi nikakaa. Nilitaka kukuchukia kwa siku nzima lakini ilipofika saa nne nilikuwa nimeshindwa. Ungeniambia mapema ni farasi mmoja, ningezitafutia chupa hizo namna ya kupatana, na nisingejua kuwa nazitafutia. Ulifanya vibaya, na umefanya vema.

Mwambie tajiri wako avae kiatu chenye mwiba mguu wa kulia na kisicho na mwiba mguu wa kushoto, kisha agawe maumivu kwa mbili atuambie anatembeaje. Farasi hapumui kwa wastani. Karatasi zangu hazipingani. Pafu moja limeshika moto, jingine bado, na mwenye mapafu ni mgonjwa. Nimeliandika hilo kwenye karatasi ya tatu, nayo umeipata humu. Mkuu amenyima muhuri. Aliniita akaniambia niifute mojawapo ya zile mbili, yoyote, nichague mwenyewe, kwa sababu maabara haiwezi kusema ndiyo na siyo kwa farasi mmoja. Nikamwambia maabara imesema alichokisema farasi. Kanipa barua ya onyo. Nimeibandika ukutani juu ya hadubini, nikiinua kichwa naisoma, inanipa nguvu.

Lakini Shangazi, kuna kitu kinaniwasha zaidi ya Kidosho. Farasi wako wote nimewasoma mimi. Kila mmoja kwa mpira wako wa kupapasa, pafu moja, rangi ya haraka, seli mia, na kila mmoja nimemwandikia mzima. Nimezipitia karatasi zote jana. Sijui tena ni nani mzima kweli. Sisemi wanaumwa. Nasema sijui, na kwenye karatasi zile nilisema najua. Nitakuandikia hivyo kwa kila mmoja wao, jina kwa jina, muhuri upo au haupo.

Ufanye utakavyoona. Mimi hilo silirudishi nyuma.

Mwanao,
Jicho

*

Zizini, Jumanne 2 Julai

Mwanangu,

Nakuandikia nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, vidole vinanuka dawa, kwa hiyo usinilaumu mwandiko.

Barua yako ilifika Jumamosi. Nilipofika ile sehemu ya "sijui", niliitupa mezani nikakutukana kwa sauti. Nilidhani umeniharibia. Mimi natafuta namba ya kumzibia tajiri mdomo, wewe unaniletea mashaka ya zizi zima! Nikalala nayo. Asubuhi nikaona kumbe hicho ndicho kitu pekee ambacho mtu huyu hawezi kukigawa kwa mbili.

Jana alfajiri nilimkuta ameshamtandika Kidosho mwenyewe, amekaza mikanda, wanafunzi wamejipanga na kofia zao. Nikamwambia atoe tandiko. Akaniuliza kwa amri ya nani. Nikamwambia: farasi haingii uwanjani bila sahihi ya daktari kwenye karatasi ya bima, na ya Kidosho siiweki. Akasema hana shida, wapo wengine kumi na wanane wenye sahihi yangu, Kidosho ataondoka na gari la machimboni jioni.

Hapo nikamkabidhi bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi kumi na nane. Nimeziondoa sahihi zangu zote, moja moja, na kila moja nimeibana na nakala ya maneno yako: sijui.

Mwanangu, ungemwona! Alizifunua kama mtu anayetafuta iliyosahauliwa. "Unanifungia shule kwa ajili ya farasi mmoja?" Nikamwambia hapana, nafunga kwa ajili ya kumi na tisa. Kama njia ile haikumjua Kidosho, haikuwajua na wenzake, na mimi siwezi kumpa mtoto wa mtu farasi nisiyemjua akae mgongoni. Akanifukuza kazi pale pale, mbele ya wazazi. Nikamwambia ahsante, na kwamba daktari atakayekuja kuweka sahihi atataka kwanza kuziona karatasi zako zote tatu, kwa sababu nimeshawapelekea wote wanaoweza kuja.

Nikafungasha mkoba wangu. Nikaketi getini, maana begi lilikuwa zito na mimi si kijana tena. Nilimwona akipiga simu, akizunguka, akipiga nyingine. Mzazi mmoja akamwuliza kwa upole kama mtoto wake amekuwa akipanda farasi mgonjwa mwaka mzima. Tajiri akarudi kwenye simu. Jua lilipokuwa kali alikuja akasimama mbele yangu, akitazama pembeni, akasema, "Haya, waoshe wote. Kulia na kushoto. Lakini ukimaliza unipe namba."

Nikamwambia nitampa ninachokiona.

Mkanda wa tandiko nimeufungua mimi mwenyewe. Kidosho yuko nje kwenye nyasi mbichi, mbali na banda, na majani makavu atakayopewa usiku yatalowekwa maji. Bado anakohoa. Sikumwahidi mtu kwamba atapona. Pafu la kulia limechelewa, na la kushoto ndilo ninalolipigania sasa. Machimboni haendi.

Jumatatu utapokea chupa za farasi sita wa kwanza, mbili mbili. Vizibo vina namba tu, na namba zinakaa kichwani mwangu, usinidadisi. Uhesabu wewe, ahesabu mwenzako, kila mtu peke yake. Mkikubaliana, niandikieni. Mkipishana, msipatanishane kwa ajili yangu wala ya tajiri wala ya mkuu wenu: niandikieni mmepishana, na kwa kiasi gani.

Shangazi yako